Maji Yakifika Kwenye Pamba

Siku mliyoniaga pale karakana mlinipa jiko la gesi, kitenge cha waksi na hotuba nne, na katika hotuba hizo hakuna hata moja iliyotaja chemchemi. Siwalaumu. Waliozungumza ni watu wa ofisini, na mtu wa ofisini huizunguka pale kwenye kiplefti akiwa ndani ya gari, vioo juu. Lakini nilipofika nyumbani na kuliweka jiko mahali pake, niliona kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeiacha katikati ya uwanja wa soko la zamani, na kwamba ninyi vijana mnaobaki na funguo hamjui hata nani aliyeijenga chemchemi hiyo. Kwa hiyo naandika. Vyeo nitaviruka, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara nao nitauruka, kwa kuwa mnaupokea wenyewe na mnajua hauna hadithi.

Niliingia idara ya maji ya mji wetu nikitokea chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la mabomba. Asubuhi ya kwanza nilikuta mafundi wameketi juu ya mabomba ya chuma nje ya stoo. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, na mmoja wao akanionyesha birika lilipo. Walidhani nimekuja kuchukua nafasi ya mama wa chai. Sikubishana. Nilichemsha chai, nikajimiminia kikombe cha kwanza mimi mwenyewe, nikakaa nao juu ya bomba na kuuliza leo tunafunga nini. Fundi mkuu, Mzee Masanja, alicheka mpaka chai ikamwagikia goti. Kisha akaniambia nimfuate.

Mzee Masanja alikuwa mfupi, mwenye kofia ya pama iliyochomekwa spoku ya baiskeli ukingoni. Begani alibeba ufunguo wa kufungulia valvu, ule mrefu wa umbo la T, kama wenzake walivyobeba jembe. Nilifikiri tunakwenda kutengeneza bomba lililopasuka. Tukaenda kwenye chemchemi. Alisema kila anayefundishwa naye huanzia pale, na asipoielewa pale, arudi nyumbani akalime mpunga.

Chemchemi ile, kwa ninyi mnaoijua kama mahali pa kupigia picha za harusi, ni mali ya wakulima. Wakati pamba ilipokuwa ndiyo dhahabu yetu, watu wa vijiji vinavyouzunguka mji walikubali kukatwa kidogo kwenye kila gunia ili ushirika wao ujenge maghala, kituo cha afya na tangi la maji juu ya kilima cha mawe. Mwenyekiti wao aliwahi kusafiri mbali na kuona uwanja wenye maji yanayoruka. Akarudi akisema mji usio na chemchemi ni mnada tu. Wazee wakasema wao wanataka lambo la ng'ombe. Inasemekana kikao kililala na kuamka. Mwishowe kila upande ukapata chake: ikajengwa chemchemi, na maji yake yakishamaliza kuruka yakapitishwa kwenye mfereji hadi birika la ng'ombe nyuma ya soko. Ng'ombe wa mnadani wamekunywa pale miaka yote, na sijamsikia hata mmoja akilalamika kwamba ni mapambo.

Aliyeijenga alikuwa Mhindi mmoja aliyeitwa Fundi Kanji, mzoefu wa kujenga viwanda vya kuchambua pamba. Aliweka mabakuli matatu ya saruji, moja juu ya jingine, kubwa chini na dogo juu. Kuzunguka bwawa la chini alichonga vichwa vinne vya ng'ombe wenye pembe ndefu, maji yakiwatoka midomoni. Juu ya yote akaweka tumba la pamba lililopasuka, la saruji nyeupe, kubwa kuliko debe. Ndiyo maana hakuna mtu wa mjini anayesema chemchemi. Wanasema tukutane Pamba, nishushe Pamba, duka liko mkabala na Pamba.

Siku ile ya kwanza nilizunguka bwawa lote nikitafuta pampu. Sikuiona. Nikafungua mfuniko wa chemba nikakuta valvu moja tu na bomba linaloingia kutoka upande wa kilimani. Mzee Masanja aliniacha nitafute mpaka nikachoka.

"Haina injini," akaniambia. "Hili ni tangi linaongea."

Kisha akanieleza. Kilima chetu si kirefu, ni mgongo wa mawe tu, na uwanja wa soko uko juu kidogo kuliko mitaa mingine. Fundi Kanji alipima vizuri. Tangi likijaa, maji yake kule kilimani huwa juu kidogo ya lile tumba la pamba. Likikaribia kwisha, huwa sawa na midomo ya ng'ombe. Na kwa kuwa maji hutafuta usawa wake, chemchemi ilikuwa kipimo cha tangi ambacho mji mzima ungeweza kukiona. Yakiruka kupita pamba, tangi limejaa. Yakiishia bakuli la kati, limebaki nusu. Wakidondosha mate ng'ombe peke yao, jioni mabomba ya mitaani yatakauka.

Kila asubuhi Mzee Masanja alifungua valvu kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha akaifunga ili maji yasipotee. Muda huo ulitosha. Wanawake wa soko walikuwa wanasubiri, na msemaji wao alikuwa Mama Shija, muuza karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ambaye meza yake ilitazama chemchemi moja kwa moja. Alikuwa na sauti ya kusikika mpaka stendi. Maji yakipanda aliita neno moja tu: "Pamba", au "Kati", au "Ng'ombe". Akiita Pamba, watu walifua nguo siku hiyo. Akiita Kati, walijaza mapipa. Akiita Ng'ombe, walibeba ndoo wakaenda mtoni kuchimba visima vya mchangani kabla jua halijawa kali. Hapakuwa na tangazo wala gari la matangazo. Neno la Mama Shija lilifika mtaa wa mwisho kabla Mzee Masanja hajamaliza chai yake.

Mama Shija alinichukua kama mdogo wake. Mwanzoni aliniita "binti wa bomba", na nilipojifungua mapacha wangu, Kulwa na Doto, akaanza kuniita Mama Kulwa kwa heshima zote, kisha akanikumbusha kwamba yeye pia alizaa mapacha, na tena akaongeza Shija, jina la anayefuata mapacha, kwa hiyo bado ni mkubwa wangu. Ni yeye aliyenifundisha kubeba mapacha kazini, mmoja mgongoni kwangu na mwingine chini ya meza yake ya michembe.

Kazi yenyewe ya kuitunza Pamba ilikuwa ya uvumilivu. Imejengwa juu ya mbuga, na ninyi mnaujua udongo wetu mweusi: kiangazi hupasuka, masika hufura. Bwawa lilipata nyufa kila mwaka. Msizibe kwa saruji tupu, kama nilivyowaona mmoja wenu akifanya mwaka juzi, kwa sababu mbuga ikinywa maji huisukuma saruji nje. Sisi tuliziba kwa katani iliyolowekwa lami, ikawa inavutika na kurudi. Tope la bwawani lilipoziba nozeli, Mzee Masanja alichomoa ile spoku kofiani na kuizibua. Alipostaafu aliniachia spoku, nami nimeiacha stoo, imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Msiitupe mkidhani ni takataka.

Kulikuwa na miaka ya vituko pia. Dhahabu ilipopamba moto, vijana wa machimboni wakawa wanapita hapa wakitoka Rwamgasa kwenda Segese, na wengine wakirudi, kutegemea uvumi umelala wapi usiku huo. Walinawa miguu na kuosha mabuti kwenye bwawa letu. Haikuchukua muda, mtu akasema vumbi la mabuti yao lina dhahabu, basi na tope la Pamba nalo lina dhahabu. Asubuhi moja tulikuta watu wamesimama bwawani na makarai, wanachekecha. Mzee Masanja hakuwafukuza. Alivuta jiwe akakaa, akawaambia kwamba yeye ndiye mwenye shamba la duara hili, yaani shimo lao la dhahabu, na anasubiri mgawo wake kama desturi ya machimbo inavyotaka. Walichekecha mpaka jua likawachosha. Kilichopatikana ni kifungo cha shati. Walimkabidhi kwa heshima, na bwawa likawa safi kuliko tulivyowahi kulisafisha sisi.

Sasa niwaeleze mwaka ule mgumu, ambao ndio hasa ulionifanya nishike kalamu.

Mvua zilichelewa mpaka mbuga ikafungua nyufa za kuingiza mguu. Bwawa letu la kuvunia mvua, lililolisha tangi, lilibaki tope pembeni na maji machache katikati. Pamba haikuwa imeloa muda mrefu, kila asubuhi ni Kati, kisha Ng'ombe, kisha Ng'ombe tena. Katikati ya hali hiyo tukaambiwa anakuja mgeni mkubwa, naye atapita uwanja wa soko.

Meneja wetu wa wakati huo, nitamwita Meneja tu, alikuwa mtu mwema. Alijua majina ya watoto wetu na alikuja misibani bila kusubiri kuandikiwa barua. Aliona aibu mgeni akute ng'ombe wanadondosha mate. Akanunua pampu ya umeme na kuifunga kwenye bwawa la chemchemi, ili maji yaleyale yazunguke, yapande na kushuka, bila kuchukua tone kutoka kwenye tangi. Na ni kweli haikuchukua tone. Bomba la zamani kutoka kilimani tulilifunga kwa bamba la chuma, boliti sita, gasketi mpya. Akaweka na taa za rangi. Jioni ya kwanza maji yalipita juu ya pamba yakiwa mekundu, kisha bluu, kisha kijani, na mji mzima ukatoka kutazama. Nilipenda. Nilikwenda na mapacha wangu, na Doto akakataa kurudi nyumbani.

Mzee Masanja peke yake hakupenda. Alimwambia Meneja kwa upole kwamba ukilitia tangi injini, litasema maneno ya injini. Meneja akamjibu, naye kwa upole, kwamba mgeni hatakuja kusoma tangi. Wote wawili walikuwa sahihi, na hilo ndilo lililofanya jambo lenyewe liwe gumu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu alikuja akapita, akasifu, akaondoka, na tangi likabaki vilevile. Pampu nayo ikabaki, maana nani angezima kitu kizuri hivyo. Mwezi uliofuata Mzee Masanja akastaafu. Alinikabidhi ufunguo wa T akisema nisiutie kutu.

Hatukuficha kitu. Gari la matangazo lilizunguka likisema kwamba chemchemi sasa inatumia umeme na haihusiani na hali ya maji, na wananchi wasikilize ratiba ya mgawo. Watu walisikia. Mama Shija naye alisikia, tena alinitania kwamba nimempokonya kazi. Lakini jicho lililosoma kitu miaka mingi haliambiwi na spika kwamba sasa lisisome. Asubuhi watu walifika sokoni, wakaona maji yanapita juu ya pamba, na mioyo yao ikatulia kabla akili hazijafika.

Siku ninayoikumbuka, mkamwana wa Mama Shija alikuwa anakaribia kujifungua. Wakati ule ukienda kujifungulia kituo cha afya ulibeba beseni, kanga, wembe na ndoo zako za maji, kwa sababu bomba la kituo halikuaminika. Mama Shija aliamka mapema, akachukua ndoo aende mtoni. Akapitia sokoni kutandika meza yake. Akainua macho. Maji yalikuwa juu, yanang'aa, na yeye, bila kufikiri, akaita kama alivyoita maisha yake yote: "Pamba." Wanawake waliokuwa naye wakashusha ndoo. Wengine walicheka, wakisema mtoni leo ni mbali. Akarudi nyumbani, akaziacha ndoo tupu mlangoni.

Uchungu ulianza kabla ya adhuhuri na ukaenda haraka. Walipofika kituoni, bomba la wodi ya wazazi lilitoa upepo. Nesi wa zamu, Nesi Mwajuma, aliuliza maji yako wapi. Mama Shija akakimbia uwanjani na kuchota bwawani. Maji yale yalikuwa yamezunguka wiki kadhaa, yameota ukijani, yananuka kama gunia lililolowa. Nesi Mwajuma aliyatazama, akayamwaga kizingitini. Kwenda mtoni na kurudi ni mwendo wa saa kadhaa, na mgonjwa alikuwa anavuja damu.

Mama Shija alikuja karakana. Hakuwa anakimbia tena. Alisimama mlangoni, kanga imemteleza begani, na mimi nikajua kuna jambo kabla hajafungua mdomo.

"Mama Kulwa," akasema, "Pamba imenidanganya."

Niliogopa. Wodi ile ndiyo niliyozalia mapacha wangu, na Nesi Mwajuma ndiye aliyewapokea. Nikajiuliza maji safi yako wapi katika mji ambao tangi lake limekauka. Nikakumbuka somo la juma langu la kwanza kazini. Mzee Masanja alinitembeza kwa miguu kufuata bomba la chemchemi kutoka kilimani, na kila tulipofika bondeni aliuliza tumbo la bomba liko wapi. Kila bomba lina tumbo, alisema, pale linaposhuka chini kuliko sehemu zote kabla ya kupanda tena, na kwenye tumbo ndipo huwekwa valvu ya kulisafishia. Tumbo la bomba la Pamba lilikuwa nyuma ya kituo cha afya, hatua chache tu kutoka dirisha la wodi. Na bomba lile tulikuwa tumeliziba kwa bamba siku lilipokuwa limejaa. Tangi lilikuwa limekauka, lakini tumbo halikuwa limetapika.

Nikabeba ufunguo begani, Mama Shija nyuma yangu. Mfuniko wa chemba ulikuwa umefunikwa na majani. Valvu ilikuwa imeshika kutu, nikaimwagia dizeli, nikaigonga na nyundo, nikausimika ufunguo. Haukugeuka. Mama Shija akashika mkono mmoja wa T, mimi nikashika mwingine, tukasukuma kama watu wanaosaga kwa jiwe moja. Ukageuka robo. Bomba likapumua, likatoa maji mekundu ya kutu, mengi, mpaka nikakata tamaa. Kisha yakawa ya rangi ya chai. Kisha yakawa maji.

Wanawake walikuwa wameshafika, sijui nani aliwaita. Walipanga mstari kutoka chemba hadi mlango wa wodi wakapitisha ndoo mkono kwa mkono. Nesi Mwajuma aliyachemsha kwenye sufuria kubwa ya uji wa wagonjwa. Nilikaa ukingoni mwa chemba, ufunguo mapajani, nikisikiliza dirisha. Alasiri tukasikia mtoto. Tulisubiri tena, maana kilio cha mtoto si habari ya mama yake, mpaka Nesi Mwajuma akatoa kichwa dirishani akasema wote wako salama, na tuwaambie wanaume waache kukusanyika getini. Mama Shija alikaa chini pale kwenye tope akalia. Mimi pia. Mtoto alikuwa wa kike. Nilitarajia wamwite Maji, au angalau Pamba. Wakamwita Esta, kama nusu ya wasichana wa mji huu.

Kesho yake soko halikufunguliwa. Wanawake walikuja kama kawaida, lakini hawakutandika meza. Waliketi kuzunguka bwawa, migongo kwa chemchemi, nyuso mjini, kila mmoja na ndoo tupu mbele yake. Hawakuimba, hawakutukana. Nyuma yao maji yaliendelea kuruka kupita pamba. Meneja alikuja kwa miguu, na mimi nilimfuata kwa sababu aliniomba. Alianza kueleza habari za ukame, akasema amekwisha kuandika makao makuu, akasema magari ya maji yameombwa. Alikuwa anasema kweli. Mama Shija alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama.

"Meneja, maji hatukudai," akasema. "Mvua haiko mkononi mwako. Tunadai kuambiwa."

Meneja alivua kofia yake. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama bomba la zamani tulilikata au bado lina lile bamba kwenye flenji, mdomoni mwake. Nikamwambia liko, na boliti nilizipaka grisi. Akasema basi nilitoe.

Nilizima umeme. Maji yalianguka yote kwa pamoja, uwanja ukawa kimya hadi tukawasikia mbuzi wa stendi. Mtu alikwisha kumfuata Mzee Masanja nyumbani kwake, akaja na kofia yake ya pama, akasimama pembeni bila kushika kitu. Nikafungua boliti, nikatoa bamba, nikaunga bomba, nikafungua valvu. Hakuna kilichotoka. Nozeli ilitoa pumzi ndefu ya upepo, na kwenye mdomo wa ng'ombe mmoja likatokea tone, likaning'inia, likakauka hapohapo.

Wanawake wakapiga vigelegele. Nimefanya kazi ya maji maisha yangu yote, nimefungua mabomba mbele ya viongozi na ngoma, na sijawahi kusikia vigelegele kama vile nilivyosikia siku chemchemi ilipokataa kutoa maji. Kisha wakajitwisha ndoo zao wakashuka mtoni. Mzee Masanja aliniangalia akasema, "Wabeja, mayu." Kwa Kisukuma ni asante, mama, na ndiyo shukrani yake pekee niliyowahi kuipata, naye alikufa kabla mvua za mwaka uliofuata hazijaisha. Pampu ile haikupotea bure. Meneja aliagiza kichimbwe kisima uani mwa kituo cha afya, tukaifunga pale, na wodi ya wazazi ikapata maji yake yenyewe.

Yaliyofuata mnayajua. Bomba kubwa kutoka ziwani lilifika, tangi likawa halikauki ovyo, na Pamba ikawa inaloa karibu kila asubuhi. Watoto wamekua bila kujua maana ya Ng'ombe. Hali ya tangi sasa mnaisoma kwenye kompyuta, na ujumbe wa simu huwafikia wateja wenye simu na chaji. Sina ugomvi na kompyuta, haijawahi kuniomba katani wala lami. Lakini kabla sijaondoka nilisikia mpango wa kuboresha kiplefti: taa za rangi, muziki, na pampu, ili maji yaruke kutwa nzima. Mmoja wenu aliniuliza siku ya kuagwa nina maoni gani. Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi na hotuba ya tatu ilikuwa inaanza, nikamwambia nitamjibu. Jibu ni hili lote ambalo umekwisha kulisoma.

Juma lililopita nilikwenda sokoni, mara yangu ya kwanza kwenda saa za kazi nikiwa na kikapu. Mama Shija bado yupo. Macho yake hayaoni tena, lakini huletwa kila asubuhi akaketi kwenye kiti chake pembeni ya meza, na anayeuza ni mjukuu wake Esta, mwanamke mzima sasa, mwenye sauti ya bibi yake. Nilimwamkia, akasema alishanitambua kwa vishindo vya miguu. Akaniambia nikae nione kama waliobaki wanajua kazi.

Nikakaa, na nikiri kwamba nilikuwa na wasiwasi. Nilijua ninyi mnaosha tangi siku hiyo, maana ratiba yake niliiweka mimi. Nilijua limebaki maji kidogo chini. Na nilijua kwamba kama mngetaka kuepuka maswali, mngeiacha valvu ya Pamba imefungwa asubuhi hiyo na hakuna ambaye angewagombeza. Mji ungedhani fundi amechelewa.

Nikamwona mmoja wenu anavuka barabara, ufunguo begani. Akafungua chemba, akazungusha, akasimama na kikombe chake. Nozeli ikapumua. Bakuli la juu likabaki kavu, la kati likabaki kavu, na ng'ombe wote wanne wakaanza kudondosha mate.

"Imefika wapi?" Mama Shija akauliza.

Esta alitazama, akageukia soko. "Ng'ombe," akaita, na neno likaenda meza kwa meza hadi stendi.

Watu wakaanza kunyanyuka kwenda kujaza mapipa wakati mabomba bado yana nguvu. Hakuna aliyenung'unika. Nami nikachukua kikapu changu, maana nyumbani kwangu pipa lilikuwa tupu na hapakuwa tena na mtu wa kunipigia simu kutoka karakana. Mama Shija alikuwa ameinua uso kuelekea sauti ya matone.

"Wametuambia," akasema, akanyoosha mkono kutafuta ndoo yake.